Nani yuko ng'ambo ya mto? Kuratibu mashirika ya afya baada ya mafuriko

SWALI: Mimi ni daktari katika halmashauri iliyokumbwa na mafuriko. Mganga Mkuu wa Wilaya amenikabidhi kazi ya kuratibu mashirika ya afya yaliyokuja kusaidia. Yapo ya kimataifa, ya dini na ya hapa nchini, na kila moja limekuja na mpango wake na fedha zake. Matatu yameweka kliniki zao karibu na barabara kuu, lakini vijiji vya ng'ambo ya mto havijafikiwa na yeyote. Sina bajeti, na siwezi kumwamuru mtu. Shirika moja linataka tuunde "klasta". Lingine limeniambia litaondoka mwezi ujao. Nianzie wapi, na kazi hii inaisha lini?

JIBU: Daktari, kwanza pokea pole kwa yaliyowafika watu wa wilaya yako. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, lakini jibu la sehemu ya kwanza ni fupi: anzia ng'ambo ya mto. Mahali ambapo hakuna aliyefika ndipo penye kazi yako ya kwanza, na maamuzi mengine yote, kuanzia ratiba ya vikao hadi mgawo wa dawa, yatokane na hapo. Mashirika hukaa karibu na barabara kwa sababu zinazoeleweka: gari linafika, simu inashika, dawa zinapatikana kwa siku moja kutoka mjini. Sijakutana na shirika lililokusudia kuwatupa watu wa upande wa pili. Mara nyingi kila moja hudhani kwamba mwenzake amekwenda. Mratibu ndiye mtu pekee ambaye ameajiriwa ili ajue kwamba hakuna aliyekwenda.

Kuhusu klasta, usikubali wala usikatae kabla hujajua ni kitu gani. Mwezi Desemba 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 46/182, ambalo ndilo msingi wa uratibu wa misaada ya kibinadamu hadi leo, na ambalo linatamka kwamba nchi iliyopatwa na maafa ndiyo yenye jukumu la kwanza la kuanzisha, kupanga na kuratibu misaada katika ardhi yake. Baadaye, mapengo yaliyoonekana katika kuwahudumia watu wa Darfur mwaka 2004 yalisababisha mageuzi ya mwaka 2005, ambapo kila sekta ilipewa shirika la kuiongoza, mpangilio unaoitwa klasta, na afya ikakabidhiwa kwa Shirika la Afya Duniani (WHO). Mfumo huo ulitumika kwa mara ya kwanza nchini Pakistani baada ya tetemeko la ardhi la Oktoba mwaka huohuo. Tangu mwanzo klasta zilikusudiwa kuwa za muda, na huanzishwa kwa uamuzi wa ngazi ya taifa pale ambapo uwezo wa serikali umezidiwa au haupo. Kwa wakimbizi utaratibu ni mwingine, maana huko Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) huratibu pamoja na serikali mwenyeji.

Wewe uko Tanzania, nchi yenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 na yenye kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Kwa hiyo unachohitaji ni kamati ndogo ya afya iliyo chini ya kamati ya maafa ya wilaya, yenye hadidu za rejea za ukurasa mmoja, mwenyekiti akiwa Mganga Mkuu wa Wilaya na wewe ukiwa katibu. Ukiunda chombo cha pili pembeni, utajikuta na vikao viwili vinavyotoa maelekezo mawili, na mganga mfawidhi wa zahanati hatajua amsikilize nani. Jambo moja la mfumo wa klasta, hata hivyo, ningekusihi ulichukue lilivyo: kanuni kwamba pengo likikosa wa kuliziba, kiongozi wa sekta ndiye anayewajibika kulitafutia njia, kwa kuita wengine, kwa kuomba fedha juu au kwa kwenda mwenyewe. Katika wilaya yako kiongozi huyo ni halmashauri, kisha mkoa, kisha Wizara. Liandike hilo katika hadidu za rejea, kwa sababu bila hilo kamati itabaki kuwa mahali pa kusomeana taarifa.

Wapo watakaokuambia kwamba uratibu ni makaratasi yanayowachelewesha watu wa tiba. Yaliyotokea Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, yanatosha kuwajibu. Katikati ya Julai 1994, katika muda wa siku chache, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Kivu ya Kaskazini. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Vyoo havichimbiki kwa jembe, hata kuzika ilikuwa taabu, na maji yaliyokuwa karibu ni ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikazuka, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu karibu 50,000. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba walikuwa wakifa watu 20 hadi 35 kwa siku katika kila watu 10,000, wakati kifo kimoja kwa siku katika idadi hiyo kinatosha kuitwa dharura.

Hakuna uratibu ambao ungezuia vifo vyote vya siku zile za kwanza. Ugonjwa ulikwenda kasi kuliko malori ya maji. Hata hivyo, uchunguzi mwingine uligundua kwamba wagonjwa wengi walikufa mikononi mwa wahudumu ambao hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu, kwamba maji ya kunywa yenye chumvi na sukari yalitumika kidogo kuliko ilivyopaswa, na kwamba baadhi ya dripu zilizotundikwa hazikuwa za aina inayofaa. Yote hayo ni mambo ambayo mtu mmoja mwenye ridhaa ya wengine angeweza kuyaweka sawa kwa siku chache: mwongozo mmoja wa tiba, mafunzo ya asubuhi moja, orodha moja ya vifaa vinavyokubalika. Ni kutokana na machungu ya miaka ile kwamba mwaka 1997 mashirika yalianzisha mradi wa Sphere, uliotupa viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu ambavyo nitavirejea.

Sasa tazama Kagunga, mkoani Kigoma, mwezi Mei 2015. Kagunga ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, chenye mlima mkali mgongoni na njia ya kufikika ikiwa ni ya majini. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijikusanya katika ukanda ule mwembamba wa ufukwe, wakinywa maji ya ziwa lilelile walilolitumia kwa kila haja. Meli ya MV Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma mjini, nayo haikuweza kutia nanga ufukweni, kwa hiyo watu walisogezwa kwa mashua ndogo. Kutoka Kigoma, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha mapumziko, walipandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kufikia tarehe 22 Mei, UNHCR iliripoti wagonjwa wapatao 3,000 wa kipindupindu na vifo 31. Idadi ya watu haifanani na ya Goma, na sitaki kulinganisha misiba. Ninachotaka ukione ni umbo la safari ile. Mtu angeweza kuanza kuharisha ufukweni, akazidiwa melini, akafikishwa uwanjani akiwa hoi na kumalizia matibabu Kasulu, na kila kituo katika safari hiyo kilihitaji mhudumu, maji safi, dripu na taarifa kutoka kituo kilichotangulia. Shirika lililo hodari sana katika kituo kimoja halimsaidii mgonjwa ambaye kituo kinachofuata hakikumtarajia. Ukiona wilaya yako kwa jicho hilo, yaani kama safari ya mgonjwa kutoka kitongojini hadi hospitali ya wilaya, utajua mara moja wapi pamekatika.

Unasema huna mamlaka. Ninaelewa unachomaanisha, lakini unazo nguvu tatu ambazo mashirika hayana. Ya kwanza ni kujua: hakuna shirika lenye picha ya wilaya nzima, na yeyote mwenye picha hiyo hufuatwa. Ya pili ni jina la serikali, maana zahanati ni zenu, watumishi ni wenu, mwongozo wa matibabu ni wa Wizara, daktari mgeni hawezi kutibu bila kibali cha baraza linalohusika, na dawa za msaada hupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ya tatu husahauliwa: mashirika yanakuhitaji. Kila moja linapaswa kumthibitishia mfadhili wake kwamba haliwarudii wengine na kwamba linafanya kazi kwa kukubaliana na serikali. Barua yako yenye sahihi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, inayosema shirika fulani limekabidhiwa kata fulani kwa huduma fulani, ina thamani kwao kuliko unavyodhani. Itoe kwa masharti, na sharti la kwanza liwe ng'ambo ya mto.

Chombo chako kikuu ni jedwali, nami ningependa lianze likiwa karatasi kubwa ya ukutani kabla ya kuwa faili la kompyuta, ili kila anayeingia ofisini alione. Wengi hulipanga kwa majina ya mashirika: shirika, shughuli, mahali. Jedwali la namna hiyo hujaa haraka na kupendeza, na halionyeshi pengo hata moja, kwa sababu kijiji kisicho na shirika hakina mstari. Panga mistari kwa vijiji na vitongoji. Andika vyote, hata ambavyo hujui hali yake, kisha katika safu weka idadi ya watu, kituo cha afya kilicho karibu na kama kinafanya kazi, nani anatoa huduma gani, maji ya kunywa yanatoka wapi, njia ya kufikia, na, safu ninayoipenda kuliko zote, siku ambayo mtoa huduma alionekana pale kwa mara ya mwisho. Safu hiyo ya mwisho hutenganisha mipango na matendo. Shirika litakuambia kwa moyo mweupe kwamba "linahudumia" kata nzima, kumbe gari lake la kliniki tembezi lilipita mara moja, siku nane zilizopita.

Chukua mstari mmoja tuusome pamoja. Kijiji cha ng'ambo, watu 2,100 kwa mujibu wa mtendaji wa kijiji. Zahanati iliingia maji hadi usawa wa dirisha. Jengo limesimama, jokofu la chanjo limeharibika, rejesta zimeloana. Muuguzi yupo na anatibu chini ya mwembe kwa dawa alizoziokoa. Kisima kirefu kimefunikwa na tope, watu wanachota mtoni. Wajawazito wanaokaribia kujifungua ni wanne, mmoja aliwahi kupasuliwa. Njia ni mtumbwi. Siku mtoa huduma alipofika mara ya mwisho: hakuna. Mstari huo mmoja unakuonyesha kazi ya watu wanne tofauti: shirika lenye boti, shirika la maji likishirikiana na RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini), mratibu wa chanjo wa wilaya mwenye jokofu la akiba, na mtu wa kumhamishia yule mama karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji fedha zako. Wanachohitaji ni kusomewa mstari huo wakiwa wameketi chumba kimoja.

Kikao kiwe kifupi, na kiwe cha kusoma mistari. Wiki mbili za kwanza kifanyike kila siku jioni ikiwezekana, baadaye mara mbili kwa wiki. Usiruhusu mzunguko wa kila shirika kueleza lilichofanya, kwa sababu saa nzima itakwisha na pengo halijatajwa; taarifa hizo zije kwa maandishi kabla. Soma mistari iliyo wazi au iliyochakaa, uliza nani anaichukua, andika jina la mtu na siku, na kikao kinachofuata anza kwa kuuliza kama alikwenda. Muhtasari utoke siku hiyohiyo, usizidi ukurasa, na uwe kwa Kiswahili ili waganga wafawidhi na watendaji wa kata wausome. Mashirika ya nje yana watafsiri wao. Waalike watu wa maji, lishe na ustawi wa jamii, kwa maana viwango vya Sphere vinavyookoa maisha ya watu wengi baada ya mafuriko viko nje ya chumba cha daktari: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kwa watu wasiozidi 20, au 50 katika siku za mwanzo kabisa. Ukiongoza kamati ya afya isiyouliza kuhusu vyoo, utaishia kuhesabu wagonjwa wa kuhara.

Kuna mambo mawili ambayo ni lazima uyafunge mapema, maana yakizoeleka hayarekebishiki. La kwanza ni dawa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipokea tani 4,000 za dawa kwa watu wasiofika milioni mbili. Sehemu kubwa hazikuwa katika orodha ya dawa muhimu ya nchi hiyo, na nyingi zilikuwa na maandishi ya lugha ambazo wahudumu hawakuzisoma. Kuzitunza na kuziteketeza kukawa mzigo juu ya msiba. Tangaza tangu siku ya kwanza kwamba wilaya inapokea dawa zilizo katika orodha ya taifa tu, zenye angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na kwamba zinasajiliwa katika stoo moja kabla ya kugawanywa. Shirika linalouliza lilete nini uliambie kuhusu seti ya dharura ya kimataifa inayokadiriwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Ni afadhali seti moja kamili kuliko masanduku hamsini ya hisani.

La pili ni posho. Mashirika matatu yakilipa viwango vitatu kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, katika wiki moja utaona wahudumu wote wameelekea kwa anayelipa zaidi, na shughuli za wengine zimesimama. Kibaya zaidi, muuguzi wa zahanati ataomba likizo ili akafanye kazi katika kliniki ya hema iliyo mita mia tatu kutoka kituo chake. Waite wakuu wa mashirika peke yao, bila wafuasi, muafikiane kiwango kimoja kinachofuata waraka wa serikali, na muandike kwamba hakuna atakayemwajiri mtumishi wa halmashauri bila barua ya mwajiri wake. Hiki ni kikao kigumu kuliko vingine vyote. Mganga Mkuu wa Wilaya awepo mwenyewe.

Nizungumzie taarifa za magonjwa, kwa sababu hapa ndipo hatari nyingine hujificha. Baada ya mafuriko kila mtu hutafuta kipindupindu, nao wana haki. Mfano mzuri wa kujiandaa ni Beira, Msumbiji: kimbunga Idai kilipiga usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, ugonjwa ukatangazwa tarehe 27, na kufikia tarehe 3 Aprili kampeni ya chanjo ya kunywa ilikuwa imeanza, ikawafikia watu zaidi ya 800,000 kwa siku chache. Kasi hiyo haipatikani bila serikali na mashirika kukubaliana mapema nani ana watu, nani ana magari, nani ana barafu. Lakini mwaka huohuo, Kongo ilitupa funzo la upande wa pili. Wakati macho na fedha za dunia zilipoelekezwa Beni, Butembo na Mangina kupambana na Ebola, ambayo hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020 iliua watu 2,287, surua ilikuwa ikisambaa nchini kote, na kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Ebola ilistahili kila juhudi iliyowekwa. Watoto wale nao walistahili sindano ambayo ipo tangu zamani na ni ya bei nafuu.

Kwa hiyo katika jedwali lako pawe na safu ya huduma ambazo hakuna anayezipigia kelele. Chanjo ya surua kwa watoto walio katika makazi ya muda, kuanzia miezi sita. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waliopoteza kadi zao majini. Rejesta za kliniki ya tiba na matunzo zitakuambia ni akina nani, na kila siku inayopita bila dawa ina gharama. Wagonjwa wa kifua kikuu walio katikati ya dozi. Wenye kisukari na shinikizo la damu. Uzazi salama, na matibabu ya waliobakwa, ambayo yanapaswa kuanza ndani ya saa 72 ili kinga ya virusi vya UKIMWI ifanye kazi. Mashirika mengi huja na utaalamu wa hema na dripu. Ni wewe unayelijua daftari la wilaya. Halafu hakikisha kliniki zote, pamoja na zile za hema, zinaripoti kwa fomu za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, na kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko kwa njia ya kawaida ya wilaya. Kliniki inayotuma takwimu Geneva au Nairobi na kuiacha ofisi yako gizani ni kliniki ambayo, kwa mtazamo wa wilaya, haipo.

Sasa kuhusu mwisho. Kipindi cha kurejesha hali hakisubiri maji yakauke. Kinaanza wiki ya pili, kwa sababu kila unachoruhusu katika dharura kinageuka desturi. Kliniki ya hema yenye dawa bure na madaktari watatu, iliyo jirani na zahanati yenye muuguzi mmoja, itaiua zahanati ile taratibu, na siku hema litakapokunjwa watu watakuwa wamepoteza mazoea na imani nayo. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, hospitali moja kubwa ya binafsi mjini Port-au-Prince iliyowatibu majeruhi bila malipo ilifungwa miezi michache baadaye kwa kukosa fedha, huku misaada mingi ikiwa bado inapita kando yake. Kwa hiyo kila shirika linalotaka kuweka hema liulizwe swali moja: kwa nini usiweke watu wako na dawa zako ndani ya zahanati yetu? Mara nyingine kuna jibu la kweli, kwa mfano jengo limebomoka au liko mbali na watu walikohamia. Mara nyingi hakuna.

Kama taifa litafanya tathmini ya mahitaji baada ya maafa, pamoja na Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya, takwimu za wilaya yako zitaombwa kwa ghafla, na wilaya isiyo na kumbukumbu za picha, gharama na orodha ya vifaa vilivyopotea hupata kidogo. Anza kukusanya sasa. Vilevile fungua Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na uandike upya vipaumbele vya mwaka unaokuja wakati mashirika bado yapo mezani, ili ahadi zao ziingie katika mpango wenye bajeti. Ahadi iliyobaki katika muhtasari wa kikao husahaulika mara tu mkuu wa shirika anapohamishwa, nao huhamishwa kila baada ya miezi michache. Zahanati zinazojengwa upya zisirudishwe palepale maji yalipofika. Hili linasemwa na wote na kufanywa na wachache, kwa sababu kiwanja cha zamani tayari kina hati na kipya kina mgogoro. Afisa ardhi aingie katika kamati yako mapema.

Kamati ndogo ivunjwe lini? Ningetumia dalili tatu: mistari yote ya jedwali inahudumiwa na vituo vya kudumu au kwa ratiba ya kudumu ya huduma tembezi, idadi ya wagonjwa wa kuhara, malaria na surua imerudi katika kiwango cha msimu kama huo katika miaka iliyopita, na stoo ya wilaya inapata dawa kutoka Bohari ya Dawa bila kutegemea shehena za misaada. Hadi hapo vikao vipungue, viwe mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha viingie katika kikao cha kawaida cha Timu ya Usimamizi wa Afya. Usivunje kwa sababu mashirika yameondoka. Kuondoka kwao ndiko kunakofungua mapengo mapya.

Na lile linaloondoka mwezi ujao, liandikie barua wiki hii. Usililaumu, huenda fedha zake ni za siku 90 na lilisema hivyo tangu mwanzo. Omba vitu vitano kwa maandishi: orodha ya wagonjwa wanaoendelea na tiba, pamoja na mahali wanapoishi, rejesta zote au nakala zake, hesabu ya dawa na vifaa vitakavyobaki pamoja na hati ya makabidhiano kwa jina la halmashauri, majina ya wahudumu wa jamii waliofunzwa na walichofunzwa, na wiki mbili za mwisho ambazo watumishi wao watafanya kazi bega kwa bega na watumishi wenu, wakihudumia kwa dawa na taratibu zenu. Hilo la tano ndilo watakalolikwepa, kwa sababu wiki za mwisho hutumika kufunga hesabu na kuuza magari. Lisimamie. Kisha urudi kwenye karatasi yako ya ukutani, ufute jina la shirika hilo katika kila mstari lilipoandikwa, na mistari itakayobaki mitupu ndiyo ajenda ya kikao cha kesho jioni.